Simu ya Sita

Mwaka ule vita viliporudi Masisi, nilimpeleka mke wangu na watoto wetu watatu Butembo kwa wazazi wangu, kisha nikarudi Mushaki peke yangu kulinda butiki. Nilijiambia ni kwa mwezi mmoja tu. Duka lile lilinichukua miaka tisa, kutoka kibanda cha chumvi na sabuni mpaka nyumba ya mbao yenye bati jipya kando ya barabara ya Sake, na sikuwa tayari kuliacha liporwe. Basi nikabaki, mtu wa Butembo kati ya wafugaji na wakulima walioniheshimu, walionunua kwangu na kunisalimia kila asubuhi, na jioni kila mmoja akaenda kwake.

Sikujua kwamba nyumba inaweza kunyamaza namna ile. Nilikuwa napika maharage ya siku tatu kwa mara moja, kwa sababu kupika sahani moja kulinitia aibu, ingawa hapakuwa na wa kuniona. Jumapili kanisani nilikaa mwisho wa benchi letu na kuacha nafasi pembeni yangu, kana kwamba wangeingia wamechelewa. Mke wangu nilimpigia kwa simu yangu ya vibonye. Tulisema yale yale: watoto wamekula, watoto wana afya, barabara ikoje. Mtoto wetu wa mwisho, msichana ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, alikuwa anapumua tu kwenye simu. Mama yake anamwambia, "Sema jambo papa," naye anapumua.

Ndipo habari ya ile simu mpya ikafika. Mwenye depo aliyeniuzia bidhaa Goma alinipigia na kusema kuna telefoni ya kugusa imetoka, ya bei ambayo hata mkulima anaweza kujikaza akaipata, inaonyesha picha, inaonyesha mtu anayeongea uso kwa uso, na betri yake inakaa siku tatu. Hilo la betri ndilo lililowasha Mushaki. Umeme hatukuwa nao, na kuchaji kwa mwenye paneli ya jua kulikuwa ni kupanga foleni. Mwenye depo aliniahidi thelathini. Sikutangaza popote. Nilimwambia mteja mmoja aliyekuja kununua mafuta, na kesho yake watu walikuwa wamejaa mlangoni.

Nilichukua daftari la shule nikaandika majina kwa mpangilio wa kufika. Alikuja mfugaji mmoja tajiri kutoka Nyamitaba, akaja mwalimu, akaja muuguzi wa kituo cha afya, akaja dereva, akaja mama muuza fromaji, yaani jibini, wa pale barabarani. Kila mtu alikuwa na sababu, na sababu zote zilifanana: kuna mtu wao aliyekuwa mbali, na walikuwa wamechoka kumsikia bila kumwona.

Wa sita alikuwa mama mmoja niliyemjua kwa sura tu. Alikuwa mkimbizi kutoka Buleusa, huko Walikale, mkulima wa msituni, mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, anayeongea polepole kama mtu anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Tangu msimu wa mvua alikuwa anabeba viazi vya watu kutoka shambani mpaka barabarani.

"Na wewe mama, unataka kumuona nani?" nilimuuliza, kwa utani kidogo.

"Mutoto yangu," alisema. "Siku ile tulikimbia, batu bengine balipita njia ya Pinga, bengine balipita ingine. Mi nilizania iko na shangazi yake. Shangazi alizania iko na mimi."

Msichana alikuwa na miaka kumi na minne siku ile. Sasa ilikuwa ni mwaka wa pili. Katekista wa parokia yetu alikuwa amemwambia kwamba vijana wa kanisa katika kambi moja karibu na Goma wanapiga picha za watoto waliopotezana na wazazi, na kuzituma kutoka simu hadi simu. Lakini simu zetu za vibonye hazikuweza kufungua picha. Wachache waliokuwa na simu kubwa walikuwa wameshaondoka Mushaki.

Niliandika jina lake. Aliinama akaliangalia lile jina kwenye daftari, ingawa najua hakuwa anasoma.

Mzigo ulichelewa wiki tatu. Mara Sake imefungwa, mara imefunguliwa, mara lori limegeuzwa njiani. Kila siku watu walipita kuuliza. Wengine walikasirika, wakasema nimeuza kwa wakubwa kwa siri. Mwishowe dereva wa pikipiki aliniletea katoni ndogo, saa za asubuhi, kukiwa bado na ukungu. Nilifunga mlango nikaifungua. Zilikuwa sita. Mwenye depo alikuwa ameandika kwenye kipande cha karatasi kwamba Goma yenyewe watu wanazigombania, nivumilie.

Nilizipanga sita juu ya meza. Nilizitazama muda mrefu. Kisha nikachukua moja nikaiweka ndani ya gunia la mchele, nikafungua mlango.

"Zimefika tano," niliwaambia.

Nilisoma majina matano. Wale watano walichukua simu zao wakatoka wakiwa wamezifumbata kama vifaranga. Walio nyuma walilalamika, wakanitukana kidogo, wakatawanyika. Yule mama wa Buleusa, aliyekuwa amefika wa kwanza kabisa siku ile na kungoja kwenye ukungu, alibaki amesimama mbele yangu.

"Na mimi, papa?"

"Ziliisha, mama. Wewe ulikuwa wa sita."

"Ingine itakuja?"

"Itakuja."

"Haina neno," alisema. "Nitangoja."

Nilijitetea moyoni. Nilijiambia kwamba mwenye duka ana haki ya kununua katika duka lake. Ni kweli anayo. Lakini mimi sikuwa nimeandika jina langu kwenye daftari.

Mushaki chini, rezo, yaani mtandao wa simu, ilikuwa dhaifu. Ili kuona picha ilibidi kupanda kilima nyuma ya parokia, kwenye malisho ya ng'ombe. Kila siku saa kumi za alasiri nilifunga butiki nikapanda. Mke wangu alikuwa ameazima simu ya shemeji yake. Siku ya kwanza uso wake ulipotokea, ulikuja vipande vipande, kwanza paji la uso, kisha kinywa, kisha wote. Alikuwa amekonda. Alinitazama akacheka, kisha akaanza kulia, kisha akasema, "Nani anakunyoa siku hizi?" Mtoto wetu mdogo aliletwa mbele. Hakupumua tu kama zamani. Aliita, "Papa!" na kugonga kioo kwa kiganja chake.

Nilishuka kilima nikiwa mwepesi. Lakini nilipofungua mlango wa nyumba, kimya kilikuwa kikubwa kuliko jana yake. Sikuelewa kwa nini. Nilikuwa nimedhani kuwaona kungenitosha.

Na kila jioni, kabla sijawasha jiko, yule mama alipita akiwa na udongo wa shamba miguuni. Wale watano hakuthubutu kuwaomba, kwa sababu kila picha ilikula pesa za mwenye simu.

"Jambo papa. Bado?"

"Bado, mama."

Hilo liliendelea siku kumi na moja. Nilizihesabu kwa sababu kila siku nilikuwa nimeamua kumwambia, na kila siku sikumwambia.

Siku ya kumi na mbili nilikuwa kilimani, naongea na mke wangu kwa Kinande, nikimwonyesha mabonde. Mke wangu akasema, "Kuna mama nyuma yako."

Niligeuka. Alikuwa amesimama kwenye njia ya ng'ombe na mzigo wa kuni mgongoni, kamba ikimbana paji la uso. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama simu. Alikuwa ameziona zile tano zikitoka dukani moja moja. Alijua rangi yake na umbo lake.

"Papa," alisema, "hiyo njo ya sita?"

Mke wangu alikuwa bado kwenye kioo, anasikiliza. Ningeweza kusema ni ya muuguzi, nimeiazima. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Njo hii, mama," nilisema. "Nilificha."

Alishusha kuni, akakaa kwenye majani. Nilingoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana. Alifungua kamba, akaifunga tena, akaangalia upande wa barabara ambako pikipiki zilikuwa zinapanda zimebeba magodoro ya watu.

"Ule njo bibi yako?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Muambie jambo."

Nilimwambia. Mke wangu aliitikia kwa sauti ndogo, kisha akaniuliza kwa lugha yetu kuna nini. Nilisema nitamweleza, nikakata.

"Inaweza kufungua picha?" mama aliuliza.

Jioni ile ile tulikwenda kwa katekista, akatupatia namba ya kijana mmoja wa kambini. Nilimwandikia. Kesho yake picha zikaanza kufika, na tukapanda kilimani wote wawili kuzifungua, kwa sababu kila moja ilichukua muda mpaka iwe wazi. Tulikaa bega kwa bega kwenye nyasi, mimi nashika, yeye anatazama. Mtoto baada ya mtoto. Wengine walikuwa wadogo sana, wameshika kipande cha karatasi chenye jina. Kila mara alitikisa kichwa, lakini hakuniruhusu kupita haraka. "Ngoja," alisema. "Huyu naye iko na mama yake." Na tulingoja, tukamtazama yule mtoto wa watu kwa muda, kisha tukaendelea.

Siku ya nne alinishika mkono kwa nguvu. Kwenye kioo kulikuwa na msichana mrefu, nywele zimenyolewa, gauni la kijani, uso umekunjwa kwa jua. Mimi nisingejua lolote. Mama alisema jina lake kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtoto aje kula. Kisha akanyoosha kidole kumgusa shavu, na picha ikateleza, akatokea mtoto mwingine wa kiume.

"Amekwenda!" alipiga kelele. "Papa, nimemupoteza tena!"

"Hapana mama, yuko, yuko." Nilimrudisha. Kwa haraka yangu nilimpita mara mbili. Alipomwona tena, alificha vidole vyake vyote kwapani, asimguse. Akakaa hivyo, amejikumbatia, akilia bila sauti, mpaka ng'ombe waliporudishwa.

Nilimpa simu pale pale. Aliniambia maneno machache sana katika urafiki wetu wote, lakini pale alisema wazi: "Si zawadi. Jina yangu iko katika daftari." Alinilipa bei yake, nami nikapokea, kwa sababu kukataa kungekuwa kumnyang'anya mara ya pili. Nilimfundisha kupokea, kupiga, kufungua picha. Picha za watoto wangu zilikuwa mle ndani, na sikujua namna ya kuzitoa. "Ziache," alisema. "Nitabachunga."

Barabara ilipofunguka siku mbili, alipanda pikipiki akashuka Sake, njia ya kwenda kambini. Nilimsimamia dereva, nikafunga mzigo wa mama kwa mpira mwenyewe. Hatukuagana kwa maneno mengi. Alisema, "Bakia muzuri, papa," nikasema aende vizuri.

Simu nyingine hazikuja. Mwenye depo aliacha kupokea simu zangu, nadhani naye alikuwa amezingirwa na watu kuliko mimi. Nilirudi kwenye simu yangu ya vibonye na kwenye kupumua kwa mtoto. Miezi ile iliyofuata ndiyo ilikuwa mirefu kuliko yote. Kilimani sikupanda tena. Wateja walipungua; muuguzi aliondoka, mwalimu aliondoka, na siku nyingine niliongea na watu wawili tu tangu asubuhi. Nilianza kuongea na redio.

Katekista ndiye aliyeniletea habari. Yule mama alikuwa amempigia. Msichana wake alikuwa hai, walikuwa wanakaa pamoja katika hema moja, na msichana alikuwa anafuma vikapu vya kuuza. Mwanzoni, alisema katekista, mtoto alikuwa na hasira, hakutaka kumsogelea mama yake, kwa sababu miaka miwili alijua ameachwa. Ilichukua wiki.

"Na aliniulizia?" nilisema.

"Aliuliza kama watoto wako wamesharudi."

Mapigano yalipofika Mushaki yenyewe niliacha butiki ikiwa na bidhaa nusu, nikashuka kwa miguu na watu wengine. Duka liliporwa wiki ile ile. Nilifika Butembo baada ya njia ndefu ambayo siielezi hapa. Mtoto wetu mdogo alikimbilia nyuma ya kanga ya mama yake, na siku tatu alinitazama kutoka pale.

Wiki ya kwanza, tukiwa jikoni, nilimweleza mke wangu yote kama nilivyomwahidi, naye akaniuliza kwa nini sikumwambia yule mama ukweli tangu asubuhi ile ya katoni. Nilisema nilikuwa na upweke.

"Na mimi nilikuwa nao," alisema. "Na yule mama." Kisha akanipa sufuria nimshikie, akaanza kupakua.