Aliyechemsha Santuri Mia Sita Bila Kusikia Hata Moja

Saa nne asubuhi, maji yanatokota kwenye sufuria pana. Mama Vyungu, kama majirani wanavyomwita, anashika santuri nyeusi kwa koleo, anaizamisha, anahesabu hadi kumi na tano. Ikilegea kama kitambaa kilicholowa, anaifunika juu ya bakuli lililopinduliwa na kuibana kwa viganja. Ikipoa, chungu cha maua tayari.

"Hata tundu la kutolea maji limeshatobolewa katikati," anasema. "Mimi kazi yangu kukunja tu."

Lakini leo, kabla ya kuzamisha, anasoma karatasi ya katikati herufi kwa herufi. Wiki mbili zilizopita hakuwa na habari nayo.

Kwa miaka minne amekuwa akinunua santuri kwa kilo kutoka kwa wauza vyuma chakavu. Anakadiria amechemsha mia sita. Mama yake, mwenye miaka sabini na moja, hukaa kando yake akifunga kamba za kuning'inizia.

Siku moja, wiki hizo mbili zilizopita, alikuja fundi redio mstaafu, aliyewahi kufunga vipaza sauti kwenye dansi za ujana wake. Akaokota santuri kwenye rundo, akasoma jina la mwimbaji, akamgeukia bibi huyo mfunga kamba.

"Dada, huyu si wewe?"

Bibi hakuinua macho. "Ndiye mimi, nilipokuwa na meno."

Koleo likamponyoka Mama Vyungu. "Nilidhani wananitania," anasimulia. "Namjua mama wa kufua nguo za watu. Wa kuimba simjui."

Fundi akawachukua hadi kwake, akaiweka santuri kwenye mashine ya kuichezea. Sindano ikakwaruza, kisha ikatoka sauti ya msichana, nyembamba, isiyo na haraka.

"Nikamtazama mama mdomoni. Umefungwa. Na sauti yake inaimba."

Njiani kurudi akauliza, "Mama, zako nimechemsha ngapi?"

"Nne nilizoziona."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa unatulisha, mwanangu. Sauti hailiwi."

Mojawapo ya hizo nne inaning'inia mlangoni kwao, imeota majani. Kamba yake aliifunga bibi mwenyewe.

Fundi anaiuza mashine ile kwa bei ya vyungu tisini. Mwezi ukiwa mzuri, Mama Vyungu huuza arobaini. Akiba anayo, ila ni ya kodi ya kibanda sokoni. Hadi sasa anatembeza mali kichwani, na goti la kushoto limeanza kumgomea.

"Mashine haina goti, wewe unalo," kaka yake amemwonya.

Bibi naye alitetea kibanda. "Mimi si nipo hai? Ukitaka wimbo, niambie nikuimbie."

"Haya, imba."

Bibi akafungua kinywa. Ikatoka pumzi, kisha kikohozi. Tangu hapo hajakitaja tena kibanda.

Mama Vyungu ameamua. Mashine ataichukua mwisho wa mwezi. Kibanda kitasubiri mwaka mwingine, na goti litapakwa dawa. Kuchemsha haachi.

"Yenye ufa itaingia kwenye maji," anasema, huku mama yake akiisogeza santuri yake moja iliyobaki mbali na mvuke. "Nzima tutaisikiliza kwanza. Huenda na humo yumo mama wa mtu."