Udongo wa Mjomba Sufiani

Hatibu alikuwa amelala katika chumba kilichotiwa giza, akicheka, na hakuna aliyemchekesha.

Meno yalikuwa yamebana. Pembe za mdomo zilivutika kuelekea masikioni, nyusi zikapanda. Muuguzi alipoangusha sahani ya chuma huko nje, mwili mzima ulijipinda kama upinde, kisogo na visigino tu vikabaki kwenye godoro. Na kicheko kikabaki vilevile. Dada yake, Mwaisha, aliyekaa kando na tasbihi yake, aliujua uso ule. Ndivyo alivyokuwa akicheka marehemu mjomba wao, Sufiani, kila alipodanganywa.

Hatibu ni mtu wa Mgeta. Amezeeka akilima kabichi na njegere kwenye miteremko ambayo mgeni huipanda kwa kutambaa, akishusha matenga kichwani hadi yanakosubiri malori. Ni mtu wa maneno. Kila akishuka mjini humtania dada yake: "Dada Mwalimu, hivi huku kwenu mizimu nayo inapanga vyumba?"

Mwaisha hakuwa akicheka. Alikuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu, mjane wa mkaguzi wa shule, na jirani yeyote aliyeulizia mila za mlimani alijibiwa jibu moja: "Kwetu hayo tuliyaacha zamani."

Hayakuwa yameachwa. Katika ukoo wao, ambao hauna haja ya kutajwa hapa, jina la mjomba hurithiwa na mtoto wa dada yake. Wiki moja kabla ya ugonjwa, Hatibu alipewa jina la Sufiani. Wanawake waligeuza migongo, kama inavyotakiwa, lakini Mwaisha aligeuza shingo akaona. Mzee Kondo, msimamizi wa mila za ukoo, alimchanja kisogoni kwa wembe, akachota udongo wa kaburi la Sufiani, akausugua ndani ya chale. Kisha kofia ikavalishwa, na ikaamriwa mtu wa nje asikiguse kichwa kile.

"Shikamoo, mama," alisema Daktari Devotha, akiingia kwa kunyata.

"Marahaba, daktari."

"Ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo, vikiingia kidondani vinatoa sumu inayokaza misuli. Tumempa sindano ya kuizima sumu, dawa za kuua vijidudu na za kulegeza mwili. Lakini uchafu ukibaki kidondani, sumu itaendelea kutengenezwa. Tumetafuta miguuni, mikononi, hatuoni kitu. Hakujikata na jembe?"

"Hana kidonda."

"Una hakika, mama?"

"Ndugu yangu ni mtu safi, daktari. Hana kidonda."

Kitandani, Hatibu alicheka. Wauguzi walikuwa wameivua kofia siku aliyoletwa wakaona nywele nzito tu. Chale ilikuwa imeshajifunga chini yake. Walipoondoka, Mwaisha aliirudisha kofia kwa mkono wake mwenyewe.

Alasiri ukungu ulishuka kutoka mlimani, ukakaa dirishani kama mtu anayechungulia. Mzee Kondo akapiga simu.

"Mwanangu, anaendeleaje?"

"Hali, hanywi, baba. Anacheka tu."

Upande wa pili mzee akashusha pumzi kama aliyetua mzigo. "Anacheka? Basi Sufiani amelipokea jina lake. Wasimguse kichwa."

Alipokata simu, koo la Hatibu lilijifunga. Midomo ikageuka rangi ya majivu, kifua kikagoma, na bado akacheka. Daktari akaingia mbio na wenzake, wakamzidishia dawa mpaka pumzi ikarudi kwa mkwaruzo.

"Ikirudia tutamtoboa koo apitishiwe mrija," alinong'ona Devotha. "Na tafadhali, mama, hata simu zipokelewe nje. Ugonjwa huu hauigusi akili. Tangu mlipomleta anasikia kila neno."

Mwaisha aliinua macho taratibu. Juu ya kicheko kile cha marehemu kulikuwa na macho mawili, na macho yalikuwa ya Hatibu. Yalikuwa yakimtazama yeye. Machozi yalitiririka mpaka kwenye pembe za mdomo unaocheka.

"Funga mlango, daktari," alisema. "Kisogoni. Walimchanja wakamtia udongo wa kaburi. Niliona."

"Mama! Kwa nini hukusema?"

"Mimi ni mwalimu," alijibu Mwaisha.

Walizinyoa nywele, wakaifungua chale. Ndani mlikuwa na usaha, na katikati ya usaha udongo wa mlimani, mweusi, wenye unyevu kana kwamba umechotwa asubuhi ile. Waliusafisha wote.

Mrija ulihitajika hata hivyo, na wiki zikapita kabla taya halijalegea. Kabla Hatibu hajaruhusiwa, Devotha alimpa chanjo, akieleza kwamba aliyepona pepopunda anaweza kuugua tena.

Siku ya kutoka, Mwaisha alimnyooshea kofia afiche kisogo chenye kovu. Hatibu hakuipokea.

"Dada Mwalimu," alisema, kwa sauti iliyokwaruzwa na mrija. "'Hana kidonda.' Mara mbili. Nilihesabu."

"Nisamehe, Hatibu."

Akamtazama, kisha akacheka, cheko la kawaida la mtu aliyepona. Ila pembe moja ya mdomo ilipanda juu kuliko nyingine, ikabaki huko. Mwaisha hakuthubutu kumwita tena kwa jina, maana hakujua ataitikia nani.