Koti Linalonenepa

Serikali ilipotangaza kwamba maadui wa jana sasa ni wateja wetu, mama fundi cherehani alikuwa amebana pini mdomoni. Redioni waziri alieleza kuwa vikwazo vya biashara vimeondolewa, na suala la wanajeshi waliopotea vitani "linaendelea kushughulikiwa". Limekuwa likishughulikiwa tangu waziri huyo ana nywele.

Mmoja wa waliopotea ni mume wa fundi, sajini aliyeondoka na kitambi kichanga. Aliacha koti la kijivu, kitambaa cha hao hao maadui, kilichonunuliwa enzi za urafiki wa kwanza. Kila mwaka fundi hulifumua mshono, akaachia kidogo kile kitambaa kilichokunjwa ndani, kwa sababu wanaume wa ukoo ule wakikomaa hunenepa, naye hataki mtu arudi koti limbane. Mtaani wanamwita Mama Koti. Mwaka huu cha kuachia kimekwisha.

Dukani kwa shemeji yake, mdogo wa sajini, marobota ya kitambaa cha kijivu yalishafika, hata vumbi la upande wa pili wa mpaka hayajapanguswa.

"Shemeji, si ulisema vitu vyao havivuki kizingiti chako mpaka wamrudishe?" mwenye duka alimuuliza fundi alipoomba kitambaa.

"Nilisema."

"Mimi simo, basi. Usije ukasema nilikushawishi."

"Umejaza duka zima, leo ndiyo umekuwa mtawa?"

Shemeji akacheka peke yake, akachukua mkasi. "Nikate kiasi gani?"

Hapo fundi, ambaye hukisia kiuno cha mteja angali anavuka barabara, akakwama. Hakujua huko aliko mumewe wanamlisha nini. Kama wanamlisha.

"Kata cha mtu mnene."

"Shemeji, kaka mwenyewe pengine..."

"We kata."

Mkasi ukapita. Shemeji alikunja kile kipande polepole kuliko alivyowakunjia wateja wengine, wala hakumtazama usoni.

Nyumbani fundi aliunga kitambaa kipya kiunoni mwa koti, kushoto na kulia. Kiling'aa bila haya kando ya kile kilichochuja. Hakuwa na wa kumjaribishia, akalivaa mwenyewe. Likamzunguka, likambakiza na nafasi ya mtu mzima mwingine. Akakaa nalo hivyo hivyo kwenye cherehani, akaendelea kushona sare za watoto wa watu.