Nilivyomtafsiria Mkwe Sinema

Nicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Nilimpeleka Mzee Nasoro wa Chumbageni kutazama sinema iliyotokana na riwaya niipendayo kuliko chakula, ili aone usomi wangu anioze bintiye, Zuhura. Kiingereza cha waigizaji kilinipita kama upepo, lakini kitabu nilikisoma mara tatu kwa Kiswahili, basi nikamtafsiria kwa kichwa. Bibi harusi alipozama mtoni nikanong'ona, machozi yakinilenga, "Ndiyo kafa, mzee."

"Innalillahi!" Mzee akainua mikono, na safu yetu nzima ikamwombea marehemu.

Mara marehemu akatokea na shela, anacheka. Kumbe wenye sinema walibadili mwisho!

Mzee akanigeukia, mikono ingali juu. "Bwana mdogo, maiti wako kapata mume. Wewe mke katafute mpakani, Horohoro."