Kipande cha Sashe ya Muhogo

Mimi nimepika sabuni ya mawese hapa Kasongo maisha yangu yote. Mawese na maji havipendani. Maji ya majivu ndiyo yanayovishikanisha. Sabuni ikikataa kushika, unaongeza majivu. Shule niliachia darasa la tatu, lakini hilo nalijua. Marehemu mke wangu alisema nanuka jivu hata siku ya Idi. Haya, nilitaka kusema habari ya binti yetu.

Alisoma kemia mbali, akarudi na wazo: sashe, yaani kifuko cha kuoteshea miche ya michikichi. Unaifukia pamoja na muche, inaoza yenyewe. Alichanganya wanga wa muhogo na punje za plastiki inayooza, maana punje peke yake ni ghali. Aliyeyusha juu ya mbabula ya makaa, akakandamiza kwa vyuma viwili. Ikapasuka kama ganda la kitunguu.

“Havipatani, Baba. Kila kimoja kiko upande wake.”

Ndipo akaleta kopo dogo la unga muchachu kuliko ndimu, wa kuvipatanisha. Alitia kijiko kidogo tu. Tukavuta, mimi huku, yeye kule, haikupasuka! Tulicheka sana. Kipande kile nilikipigilia ukutani, nje.

Bwana mmoja mwenye shamba la miche akasema atakuja Jumatatu kuona. Jumamosi binti alikwenda matanga kijijini Wamaza, akaacha mchanganyiko tayari.

“Baba, usiguse.”

Niliuona mukavu, kama sabuni iliyokataa. Nikaongeza unga. Nikaongeza tena. Nikamaliza kopo.

Aliporudi nilimwambia mbuzi wetu amelipindua lile kopo. Mbuzi alipigwa bure.

Jumatatu akakandamiza sashe, akaijaza udongo mbele ya yule bwana. Chini ikakatika, udongo ukamwagikia viatu vya bwana.

“Mama, hii ni sashe ao ni biskuti?” bwana akamuuliza.

Wafanyakazi wake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Binti alikuja kukaa karibu yangu.

“Nilipima vibaya, Baba.”

Nikanyamaza. Nilikuwa na mdomo, nikanyamaza. Daftari lake la vipimo alilitia motoni, akaenda Salamabila kuwauzia wachimba dhahabu wali na maharage. Yuko huko mpaka leo.

Mwezi uliopita kifua kilinibana, nikaogopa kufa na neno lile la kopo. Nikampigia simu, nikasema yote. Nilisikia pikipiki za huko.

“Na mbuzi?”

“Mbuzi hana kosa.”

Hakucheka. “Kile kipande kiko?”

Nikaenda kutazama. Ulibaki musumari tu, na chini yake vipande vidogo vidogo ambavyo kuku walikuwa wanavidonoa.

“Kimeoza, mama. Kilishika masika mawili, kikaanza kulegea, ndipo kikaanguka.”

“Masika mawili,” akasema. “Muche unahitaji moja tu.” Kisha akasema polepole, “Basi nilipima vizuri.”

Nikamwambia arudi, tununue unga mwingine, sitagusa kitu.

“Wateja wananiita, Baba.”

Simu ikakatika. Nikawafukuza wale kuku, lakini walikuwa wamekwisha kula.