Mkono wa Rika Zima

Mkutano ulifanyika Mugumu, katika ukumbi wenye feni zisizozunguka. Kijana aliyetumwa na watu wa bima ya afya alisema maoni yetu yatasaidia kuamua huduma zipi ziingie kwenye kitita na zipi zibaki nje.

Nilikuwa nimemsindikiza dada yangu, aliyeolewa Natta. Aliumwa na nyoka aina ya kifutu akikata nyasi, mguu ukaoza, ukakatwa chini ya goti. Alichotaka ni mguu wa bandia uingie kwenye kitita, aachane na magongo, arudi shambani.

Wazee wa rika la baba mkwe wake walikuwa wameshakubaliana nje kumuunga mkono. Kwao, jambo likishakubaliwa, mmoja husema kwa niaba ya wote. Wa pili akiinuka, amemdharau wa kwanza.

"Wewe kaa," baba mkwe alimwambia dada. "Tutasema sisi."

Kijana hakutaka wasemaji. Alitaka mikono. Ilipotajwa miwani, walimu na watumishi wa serikali waliokaa mbele walinyoosha yao kwa wingi. Ulipotajwa mguu wa bandia, baba mkwe alinyoosha wake, nami wangu.

"Wawili," kijana alihesabu. "Tuje kwenye meno."

"Subiri," baba mkwe alisema. "Huo wangu ni wa rika zima."

"Shikamoo, mzee. Hapa kila mtu na mkono wake."

"Usinipe shikamoo ya kunifukuza!"

Mtumishi mmoja wa mbele akacheka. "Ahesabiwe na ng'ombe zake basi."

Wazee walisimama wote kwa pamoja, fimbo juu, wakiuliza ni nani huyo. Mwalimu mmoja akawaambia wakapigane mnadani.

"Baba, mnanyoosha fimbo!" dada alipiga kelele. "Nyoosheni mikono!"

Wakamgeukia yeye. "Nani amekuruhusu kusema?"

"Mguu uliokatwa ni wa rika?"

Hata hivyo hakuna mzee aliyenyoosha mkono. Mwenzao alikuwa ameshanyoosha. Dada aliegemea benchi, akaachia gongo moja na kuinua mkono wake juu kabisa.

"Mama, huko tumeshapita," kijana alisema.

"Andika."

Hakuandika. Dada naye hakuushusha. Kijana akarudia kwa sauti kwamba sasa ni meno, akaanza kuhesabu kutoka mbele, safu kwa safu, hadi benchi letu. Mkono wa dada akauhesabu.