Ushuhuda wa Jicho la Wepukhulu

Mwaka wa sabini na mbili mume wangu, Wepukhulu, alisimama kanisani Otonglo akashuhudia kwamba Bwana amemponya jicho. Watu wakaimba. Mimi nilikaa nikisugua vidole, maana asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemtia matone ya hospitali.

Alikuwa fundi cherehani. Ugonjwa ulianzia jicho la kushoto: likawa jekundu, likauma kwa ndani, mwanga ukalichoma. Wateja walisema ni pombe kali ya chang'aa, yeye mlokole asiyeonja hata busaa ya nafaka. Alijifunga kitambaa akangoja lipoe lenyewe, na lilipopoa likabaki na ukungu. Mwaka huo wa sabini na mbili ukahamia la kulia. Daktari wa mjini alituonya: uvimbe huu uko ndani ya jicho, hutulia na kurudi. Matone yanapunguzwa polepole, hayaachwi ghafla, na wekundu ukirudi tuje siku hiyohiyo.

Matone ya wiki mbili yakaondoa wekundu, ndipo akashuhudia. Sasa mtu ameshashuhudia, atatiaje dawa tena? Akaficha chupa nyuma ya makopo ya vifungo. Mimi nikanyamaza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Wiki ya tatu nilimpelekea uji kazini nikakuta cherehani imegeuzwa, inatazama ukuta. Fundi gani anakimbia mwanga?

"Baba Elsie, nitazame."

"Ni vumbi tu, Mama Elsie."

"Vumbi la jicho moja? Lile lingine umeshalizika. Na hili je?"

Akainamia suruali aliyokuwa akishona. Nilifunga duka mwenyewe, suruali za watu zikiwa nusu, tukaenda mjini. Daktari akaandika matone kila saa, mchana kutwa, hata Jumapili.

Jumapili saa nne ikatukuta katikati ya ibada, wakati wa ushuhuda. Chupa ilikuwa kwenye mkoba wangu. Dakika moja ikapita, mbili, tano. Nilikuwa na hasira naye, na hasira na wote walioimba. Nikasimama.

Akanivuta gauni, nikakaa. Akanyoosha mkono, nikampa chupa. Akaenda mpaka mbele, akainua uso, akatia tone watu wote wakimtazama. Lingine lilimtiririka shavuni.

"Ndugu, niliwaambia nimepona," alisema. "Sijapona. Lakini bado naona, na nataka kuendelea kuona."

Hakuna aliyeimba. Alirudi kwenye benchi akaniambia kwa sauti ya chini, "Saa tano unikumbushe."